Vipeo Hasi Havijumlishwi: Jibu Kuhusu Unene wa Matabaka Mawili

"Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa stashahada na kwa sasa nafanya mafunzo ya vitendo katika kiwanda cha vifungashio, Eneo la Viwanda, Nairobi. Nilipewa vipimo viwili vya unene, tabaka la polithini lenye 6.4 × 10⁻⁵ m na foili ya alumini yenye 8.7 × 10⁻⁶ m, nikaambiwa nitafute unene wa jumla. Nilijumlisha 6.4 na 8.7 nikapata 15.1, kisha nikajumlisha vipeo, zile namba ndogo za juu −5 na −6, nikapata −11, nikaandika 15.1 × 10⁻¹¹ m. Msimamizi wangu alicheka, akasema jibu ni 73. Kikokotoo changu kinaonyesha 7.27 × 10⁻⁵ na cha mwenzangu kinaonyesha 0.0000727. Nani yuko sahihi, na mimi nilikosea wapi? Tena nilidhani foili ndiyo nene zaidi, kwa kuwa 8.7 ni kubwa kuliko 6.4 na 6 ni kubwa kuliko 5. Naona haya kuuliza darasani kwa sababu haya tulifundishwa tangu shule ya upili."

Nianze kwa kukutoa wasiwasi. Msimamizi wako, kikokotoo chako na kikokotoo cha mwenzako wote wamesema jambo moja. Mita 7.27 × 10⁻⁵, mita 0.0000727 na maikroni 72.7 (maikroni ni sehemu moja ya milioni ya mita) ni unene uleule, na hiyo 73 ya msimamizi ni maikroni hizohizo zilizokadiriwa kwa sababu ambayo nitaieleza baadaye, maana ndiyo sehemu itakayokufaa zaidi kazini. Jibu lililopotea ni lako peke yake, nalo halikupotea kwa kuwa hujui hesabu, bali kwa kuwa umechukua kanuni ya kweli ukaitumia mahali pasipo pake. Kanuni ya kujumlisha vipeo ipo, ila ni ya kuzidisha. Wanafunzi wengi hufika chuoni wakiwa wameikariri bila sharti lake, kwa hivyo usione haya.

Kabla ya kanuni yoyote, lipime jibu lako kwa akili ya kawaida. 15.1 × 10⁻¹¹ m ni sawa na 1.51 × 10⁻¹⁰ m. Polithini uliyoipima imeundwa kwa minyororo mirefu ya atomi za kaboni, na umbali kati ya atomi moja ya kaboni na jirani yake katika mnyororo huo ni takriban 1.54 × 10⁻¹⁰ m. Kwa hesabu yako, basi, plastiki ilibandikwa juu ya alumini na kikatokea kifungashio chembamba kuliko nafasi iliyo kati ya atomi mbili za plastiki yenyewe. Hata hivyo, hukuhitaji kemia ili kuligundua kosa hilo. Ukijumlisha unene wa vitu viwili, jumla haiwezi kuwa ndogo kuliko kile kilicho kinene zaidi; ulianza na 10⁻⁵ ukamalizia na 10⁻¹¹, na hapo kalamu ingepaswa kusimama.

Huenda haikusimama kwa sababu ya lile wazo lako la pili, kwamba 10⁻⁶ ni kubwa kuliko 10⁻⁵. Alama ya kutoa iliyo kwenye kipeo haiifanyi namba yenyewe kuwa hasi, wala haimaanishi kwamba kuna kitu cha kutoa. Inakuambia ugawanye badala ya kuzidisha. 10⁻⁵ ni moja iliyogawanywa kwa kumi mara tano, yaani 0.00001, na 10⁻⁶ ni moja iliyogawanywa kwa kumi mara sita, yaani 0.000001. Kadiri unavyogawanya mara nyingi zaidi ndivyo unavyobaki na kidogo zaidi. Kwa hiyo, unapolinganisha vipimo viwili vilivyoandikwa kwa mtindo huu, soma kipeo kwanza na namba ya mbele baadaye: −5 iko juu ya −6, basi polithini ndiyo nene, na kwa kweli ni nene zaidi ya mara saba kuliko foili. Namba za mbele hulinganishwa pale tu vipeo vinapokuwa sawa.

Sasa tuingie kwenye kiini cha jambo. Chukua noti sita za shilingi mia na sarafu nane za shilingi kumi. Hakuna anayesema ana "kumi na nne", kwa maana swali litakalofuata ni kumi na nne za nini. Mia ni 10² na kumi ni 10¹. Ukifuata njia uliyoitumia kiwandani, utajumlisha 6 na 8, kisha 2 na 1, na kujitangazia shilingi 14 × 10³, yaani elfu kumi na nne, hesabu ambayo makanga yeyote wa matatu angeikataa papo hapo. Mtu mwenye akili timamu hugeuza kwanza: sarafu nane za kumi ni sawa na 0.8 ya noti ya mia, kwa hivyo ana noti 6.8 za mia, au shilingi 680. Kosa ni lilelile lako, isipokuwa kwamba vipeo vilipokuwa chanya jumla ilivimba, na vilipokuwa hasi ilisinyaa hadi ikafika kwenye atomi.

Kipeo, kwa maneno mengine, si sehemu ya hesabu ya kujumlisha. Kinataja ukubwa wa kipande unachohesabu. Unaposema 6.4 × 10⁻⁵ m unasema una vipande 6.4, na kila kimoja ni sehemu moja ya laki moja ya mita. Unaposema 8.7 × 10⁻⁶ m una vipande 8.7 vya aina nyingine, kila kimoja kikiwa sehemu moja ya milioni ya mita. Vipande vya aina mbili havihesabiwi pamoja mpaka aina moja igeuzwe kuwa nyingine. Foili yako ikiandikwa kwa vipande vikubwa inakuwa 0.87 × 10⁻⁵ m, na hapo jambo linakuwa jepesi: 6.4 × 10⁻⁵ na 0.87 × 10⁻⁵ ni (6.4 + 0.87) × 10⁻⁵, yaani 7.27 × 10⁻⁵ m. Ile 10⁻⁵ haikuguswa. Ilitolewa nje ya mabano kama kitu kinachomilikiwa na pande zote mbili, ikangoja hesabu iishe, ikarudi mahali pake.

Ungejumlisha vipeo kwa haki kama ungekuwa unazidisha, kwa sababu kugawanya kwa kumi mara tano na kisha mara sita ni kugawanya kwa kumi mara kumi na moja. Lakini tazama kinachotokea kwa vizio: mita ukizidisha kwa mita hupati unene, unapata mita za mraba. Kama ungeviandika vizio katika kila mstari wa kazi yako, badala ya kuvibandika mwishoni tu, kizio hicho kingekushtua mapema. Napendekeza tabia hiyo kuliko kanuni yoyote ya kukariri.

Kuhusu njia ya kufuata, zipo kadhaa na zote hufika. Mimi hupendelea kugeuza kipimo kidogo kifuate kipeo cha kile kikubwa, kama tulivyofanya hapo juu, kwa sababu jibu huwa tayari au karibu tayari katika umbo linalotakiwa, lenye tarakimu moja isiyo sufuri kabla ya nukta, na kwa sababu unaona waziwazi jinsi kipimo kidogo kilivyochangia kidogo. Unaweza pia kugeuza kikubwa kifuate kidogo: 64 × 10⁻⁶ na 8.7 × 10⁻⁶ ni 72.7 × 10⁻⁶, kisha urekebishe mwishoni. Wasioelewana na sufuri za baada ya nukta hupenda njia hii, na sina ubaya nayo, ila hatua ya kurekebisha husahaulika. Kuandika sufuri zote, 0.000064 juu ya 0.0000087, ni njia nzuri ya kujihakikishia mara moja tu kwamba umeelewa thamani ya nafasi. Kwa kazi ya kila siku siipendekezi, kwa sababu sufuri moja ikidondoka hakuna atakayeiona.

Njia ya nne ndiyo aliyoitumia msimamizi wako bila kukuambia. Maikroni moja ni 10⁻⁶ m. Polithini ni maikroni 64, foili ni maikroni 8.7, na mtu aliyezoea kazi hujumlisha kichwani. Kiwandani hiyo ndiyo lugha ya haraka na salama, mradi kila mtu anajua kizio ni kipi, na kwa kusema "73" bila kutaja maikroni alikuachia kazi ya kubahatisha. Chunga zaidi kwa kuwa katika biashara ya plastiki hapa kwetu kuna kizio kingine: karatasi ya plastiki inayotandazwa chini ya sakafu ya nyumba huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kama geji 1000, ambayo ni maikroni 250 hivi, au 2.5 × 10⁻⁴ m. Ukikuta hati yenye geji upande mmoja na maikroni upande mwingine, kulinganisha vipeo hakutakusaidia kitu mpaka vizio viwe vimelinganishwa kwanza.

Hatua ya kurekebisha niliyoitaja inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndipo wengi huangukia baada ya kuliepuka kosa lako. Tuseme umepata 72.7 × 10⁻⁶. Unasogeza nukta nafasi moja kushoto ili upate 7.27, na hapo swali ni kama kipeo kiwe −5 au −7. Usikariri kushoto na kulia. Uliza kilichotokea: namba ya mbele imepungua mara kumi, kwa hiyo, ili thamani isibadilike, sehemu ya pili lazima iongezeke mara kumi, na ongezeko kutoka 10⁻⁶ ni 10⁻⁵. Kimoja kikishuka, kingine kinapanda. Foili ilipogeuka kutoka 8.7 hadi 0.87 ilifuata mantiki hiyohiyo.

Kuhusu vikokotoo viwili kutofautiana: havitofautiani. Vikokotoo vingi vya kisayansi vina mipangilio miwili ya kawaida ya kuonyesha namba, mmoja unaohamia kwenye vipeo mara tu namba inapokuwa ndogo kuliko 10⁻², na mwingine unaovumilia sufuri hadi 10⁻⁹. Chako kiko kwenye mpangilio wa kwanza na cha mwenzako kiko kwenye wa pili. Kwenye kompyuta utakuta 7.27E-05, ambapo herufi E inasimama badala ya "mara kumi kwa kipeo cha". Jihadhari na kitufe cha EXP au ×10ˣ: kitufe hicho tayari kina kumi ndani yake. Anayebonyeza 6.4, kisha alama ya kuzidisha, kisha 10, kisha EXP na −5, ameingiza 6.4 × 10 × 10⁻⁵, na jibu lake litakuwa kubwa mara kumi kuliko linavyopaswa bila kikokotoo kulalamika.

Tufike sasa kwenye 73. Ulipoandikiwa 6.4 × 10⁻⁵ m, aliyepima alikuwa anakuambia kwamba anaijua polithini hadi kwenye maikroni moja: ni 64, si 63 wala 65, lakini sehemu ya kumi ya maikroni haijui. Unene wa kweli unaweza kuwa popote kati ya maikroni 63.5 na 64.5. Foili inajulikana vizuri zaidi, hadi sehemu ya kumi ya maikroni. Ukijumlisha, jumla iko mahali fulani kati ya maikroni 72.2 na 73.2 kwa sababu ya polithini peke yake, kwa hivyo ile 7 ya mwisho katika 72.7 inadai ujuzi ambao hakuna aliye nao. Msimamizi aliiondoa, akakadiria hadi maikroni nzima, na kwa mtindo wa kisayansi jibu lake ni 7.3 × 10⁻⁵ m. Mwalimu akikupa namba hizi kama zoezi tupu la kujumlisha, 7.27 × 10⁻⁵ ni sahihi; zikitoka kwenye kifaa cha kupimia, mimi ningeandika 7.3 × 10⁻⁵ kwenye ripoti na kuihifadhi 7.27 kwenye daftari kwa ajili ya hesabu zitakazofuata, kwa sababu kukadiria kila hatua huzidisha makosa.

Hapa pana kutoelewana kwingine. Umefundishwa kuhesabu tarakimu muhimu na kubakiza idadi ya kipimo chenye chache zaidi, lakini hiyo ni kanuni ya kuzidisha na kugawanya. Katika kujumlisha tunaangalia nafasi ya tarakimu ya mwisho, baada ya vipeo kulinganishwa. Chukua 9.6 × 10⁻⁵ na 8.7 × 10⁻⁶: jumla ni 10.47 × 10⁻⁵, inakadiriwa kuwa 10.5 × 10⁻⁵, na inaandikwa 1.05 × 10⁻⁴. Vipimo viwili vya tarakimu mbilimbili vimezaa jibu la tarakimu tatu, na ni halali kabisa, kwa maana tarakimu ya mwisho bado iko kwenye nafasi ya maikroni moja.

Kwa kanuni hiyohiyo kipimo kidogo kinaweza kumezwa chote. Kiini cha atomi ya kawaida ya haidrojeni ni protoni moja yenye kilo 1.67262 × 10⁻²⁷, na inayoizunguka ni elektroni moja yenye kilo 9.109 × 10⁻³¹. Vipeo vimepishana kwa nne, kwa hivyo elektroni inaandikwa 0.0009109 × 10⁻²⁷, na jumla ni kilo 1.67353 × 10⁻²⁷. Elektroni ilibadilisha tarakimu zilizo mbali baada ya nukta. Kama protoni ingekuwa imepimwa hadi 1.67 tu, elektroni isingeonekana popote kwenye jibu, na hilo lisingekuwa kosa. Kompyuta nazo hufanya hivyo kimyakimya: programu nyingi hubeba tarakimu 15 au 16, na ukiiambia ijumlishe 1 na 10⁻¹⁶ itakurudishia 1. Ukiwa na orodha ndefu ya vipimo vidogo sana pamoja na kimoja kikubwa, jumlisha vidogo kwanza ili vipate uzito wa kuonekana.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza. Maikromita ya kawaida ya skrubu husoma hadi 0.01 mm, yaani maikroni 10, kwa hivyo foili yako ni nyembamba kuliko mstari mmoja wa kifaa hicho, na ile 8.7 haikutoka hapo. Uliza ilipatikanaje. Njia mojawapo inayotumika ni kukata kipande cha sentimita 10 kwa 10 na kukipima kwenye mizani ya maabara: kikiwa na gramu 0.235, ugawe kwa densiti ya alumini, ambayo ni gramu 2.70 kwa sentimita ya ujazo, kisha ugawe kwa eneo la sentimita 100 za mraba, unapata 8.7 × 10⁻⁴ cm, sawa na 8.7 × 10⁻⁶ m. Uliza pia kama matabaka hayo yameunganishwa kwa gundi, kwa sababu utando wa gundi nao huwa na unene wa maikroni chache. Ukipima kifungashio kizima ukapata 75 au 76 badala ya 73, usikimbilie kulaumu ujumlishaji wako.

Ukisharudia hesabu tano au sita za namna hii, nyingine za kujumlisha na nyingine za kutoa, na bado vipeo vinakuchanganya, nenda kwa mhadhiri wako na daftari lenye hatua zako zote, si majibu peke yake. Kwa dakika chache ataona mahali mkono unapoteleza, jambo ambalo mimi siwezi kuliona kutoka huku. Kama shaka iko kwenye kipimo chenyewe, kwa mfano taya za maikromita zikifungwa na bado kifaa hakisomi sufuri, au mizani inatoa namba tofauti kila ukiweka kipande kilekile, hilo si swali la hesabu tena: andika ulichokiona, saa na namba ya kifaa, umpelekee msimamizi wa ubora kabla ya kuendelea. Kifaa chenye shaka huhakikiwa kwenye maabara ya vipimo kama zile za KEBS, shirika la viwango la Kenya, hapa Nairobi, na hadi kirudi, matokeo yake yasiingizwe kwenye ripoti yako.